Kenya: Kampuni za bima zinapoanguka, kamati za ukaguzi huwa wapi?

Kati ya Aprili 2022 na Agosti 2024, kampuni tatu za bima nchini Kenya ziliondolewa mikononi mwa bodi zao na kuwekwa chini ya usimamizi wa kisheria. Ya kwanza ilikuwa Resolution, iliyojulikana zaidi kwa bima ya afya. Desemba 2023 ikafuata Xplico, na Agosti 2024 ikawa zamu ya Invesco, zote mbili zikiwa na wateja wengi katika biashara ya matatu. Kila mara Mamlaka ya Udhibiti wa Bima ya Kenya, IRA, ilikabidhi usukani kwa Mfuko wa Fidia kwa Wenye Bima, na kila mara umma uliuliza swali moja: mamlaka ilikuwa wapi siku zote hizo?

Swali hilo ni halali, lakini linaanzia mwisho wa hadithi. Msimamizi wa serikali huingia mlangoni moshi ukiwa tayari unaonekana barabarani. Kabla yake wapo watu waliokuwa ndani ya nyumba, walioajiriwa au kuteuliwa kwa kazi mahususi ya kunusa harufu ya moto: mkaguzi wa ndani na kamati ya ukaguzi ya bodi. Uchambuzi huu unaangalia nafasi yao, kwa sababu kampuni ya bima haifilisiki kwa usiku mmoja. Huchukua miaka, na katika miaka hiyo dalili huwa zimeandikwa kwenye majalada yaliyomo katika kabati za kampuni yenyewe.

Anayebaki na mzigo

Anayeumia kwanza si mwenye hisa. Sheria ya Kenya inamlazimisha kila mwenye chombo cha moto barabarani kukikatia bima inayowalinda watu wengine, wakiwamo abiria na watembea kwa miguu. Sheria hiyo inaiwajibisha kampuni ya bima kumlipa mtu mmoja aliyeumia hadi shilingi milioni 3 za Kenya. Msimamizi wa kisheria anapoingia, hutangaza zuio la malipo ili kuipa kampuni nafasi ya kupumua. Abiria aliyevunjika mguu, akapigania kesi yake miaka minne na kushinda, hubaki na hukumu mkononi isiyo na wa kuitekeleza.

Upande wa pili yupo mwenye matatu. Huyu alilipa ada yake ya bima kwa wakati na kubandika stika kwenye kioo cha gari, akaamini kwamba amejikinga. Kampuni inapokwama, wakili wa majeruhi humgeukia yeye, na nyuma ya wakili huja dalali wa mnada. Iwapo zuio la malipo linamlinda pia mwenye gari au linailinda kampuni peke yake ni jambo ambalo limebishaniwa mahakamani nchini Kenya kwa miaka mingi.

Mfuko wa Fidia, unaochangiwa na kampuni pamoja na wakata bima, ulianzishwa kupunguza maumivu hayo. Hata hivyo, kwa miaka mingi kikomo cha fidia yake kilikuwa shilingi 250,000 kwa kila dai. Mtu aliyepewa na mahakama shilingi milioni 3 angeweza kutarajia sehemu moja tu kati ya kumi na mbili ya haki yake.

Historia inayojirudia

Matukio ya miaka ya karibuni yana mtangulizi. Mwaka 1996 ilianguka Kenya National Assurance, kampuni iliyokuwa mali ya serikali. Mwaka 2005 United Insurance iliwekwa chini ya msimamizi, na zuio lake la malipo likawa likiongezwa mahakamani mara kwa mara. Mwaka 2008 ilikuwa Invesco, hiyo hiyo iliyorudi chini ya usimamizi mwaka 2024 baada ya kufufuliwa. Mwaka 2009 ikafuata Standard Assurance, mwaka 2011 Blue Shield, na mwaka 2013 Concord.

Katikati ya mfululizo huo Kenya haikukaa kimya. IRA ilianza kazi mwaka 2007 kama chombo chenye mamlaka yake, badala ya kuwa idara ndani ya wizara ya fedha. Mwaka 2011 ilitoa miongozo ya utawala bora kwa kampuni za bima, ikiwamo matakwa ya kuwa na kamati ya ukaguzi na mkaguzi wa ndani asiyeingiliwa. Baadaye mahitaji ya mtaji yalipandishwa na kufungamanishwa na ukubwa wa hatari ambazo kampuni imebeba.

Kwa hiyo kanuni zipo, na zinafanana na zile za Jumuiya ya Kimataifa ya Wasimamizi wa Bima yenye makao yake mjini Basel, ambayo katika misingi yake mikuu inautaja ukaguzi wa ndani kuwa miongoni mwa kazi nne za udhibiti ambazo kila kampuni ya bima inapaswa kuwa nazo, pamoja na usimamizi wa hatari, uzingatiaji wa sheria na kazi ya mtakwimu-bima. Kinachohitaji kuelezwa ni kwa nini kampuni inaweza kuwa na vyote hivyo katika ripoti yake ya mwaka na bado ikaanguka.

Biashara ya ahadi

Jibu linaanzia katika asili ya biashara yenyewe. Mwenye duka la unga anajua alinunua mfuko kwa bei gani kabla hajauuza. Kampuni ya bima huuza kwanza, ikajua gharama baadaye. Ada inapokelewa leo. Ajali inaweza kutokea miezi minane baadaye. Kesi ikafunguliwa mwaka unaofuata. Hukumu ikatolewa mwaka wa tano. Katika kipindi hicho chote kampuni inatakiwa kukadiria itadaiwa kiasi gani na kuweka kando fedha hizo. Fungu hilo huitwa akiba ya madai, na ndilo moyo wa hesabu zote za bima.

Chukua mfano wa kubuni. Kampuni inakusanya ada za shilingi milioni 100 kwa mwaka. Uendeshaji na kamisheni vinakula milioni 45. Menejimenti inakadiria kwamba madai ya mwaka huo yatafikia milioni 40, na kwa hiyo inatangaza faida ya milioni 15. Kodi inalipwa, gawio linatolewa, mkurugenzi mkuu anapata bonasi. Miaka minne baadaye, kesi zinapomalizika, inadhihirika kwamba madai halisi yalikuwa milioni 75. Mwaka ule haukuwa na faida hata kidogo. Ulikuwa na hasara ya milioni 20. Lakini gawio lilishaondoka, na njia pekee ya kulipa madai ya zamani ni ada za wateja wapya.

Hapo ndipo mtego unapojifunga. Ili kupata ada mpya haraka, kampuni hushusha bei, na bei ikishuka madai yajayo nayo yatakosa fedha. Kwa muda fulani mambo huonekana kwenda vizuri: mauzo yanakua, stika zinauzwa, mabango yamejaa mjini. Ukweli umo katika jalada la madai peke yake. Mficha maradhi, wahenga walisema, kifo humuumbua.

Kazi ya mkaguzi wa ndani

Mkaguzi wa nje huja mara moja kwa mwaka na kutoa maoni kuhusu hesabu kwa jumla. Mtakwimu-bima hukokotoa makadirio kutokana na takwimu anazopewa. Mkaguzi wa ndani ndiye anayeishi na kampuni mwaka mzima, na ndiye anayeweza kujua kama takwimu hizo zenyewe ni za kweli.

Kazi hiyo si ya kifalsafa. Mkaguzi makini huchukua daftari linaloonyesha hati za kuitwa mahakamani zilizopokelewa na kulilinganisha na orodha ya madai yaliyotengewa akiba. Hati ikiwa imepokelewa lakini dai halimo katika mfumo wa kompyuta, basi kuna deni lililofichwa au lililosahaulika, na kwa abiria aliyeumia tofauti ya mawili hayo ni ndogo. Huchukua pia majalada yaliyofungwa mwaka uliopita na kulinganisha kiasi kilichokadiriwa mwanzoni na kiasi kilicholipwa mwishoni. Ikiwa makadirio yamekuwa madogo kuliko malipo mwaka baada ya mwaka, hilo haliwezi kuitwa bahati mbaya.

Hatua inayofuata ni kuangalia hundi zilizoandikwa lakini zikabaki kwenye droo, ada ambazo madalali wa bima wamezipokea bila kuziwasilisha, na bima mtawanyo: je, kampuni kubwa zilizoahidi kubeba sehemu ya hatari zimelipwa michango yao, au mkataba umekwisha kimyakimya? Mwisho huja fedha zilizowekezwa. Kiwanja kilichoandikwa katika vitabu kwa thamani kubwa, au mkopo uliopewa kampuni nyingine ya mwenye hisa mkuu, havimlipi majeruhi siku ya hukumu.

Hakuna hata moja kati ya kazi hizi linalohitaji ujuzi wa ajabu. Linalohitajika ni ruhusa ya kufungua kila kabati, na mtu wa kumpelekea matokeo.

Nani anamsikiliza?

Mtu huyo anapaswa kuwa kamati ya ukaguzi. Kwa kanuni, kamati hiyo huundwa na wakurugenzi wasio watendaji, na walio wengi kati yao wawe huru, yaani wasiwe na hisa kubwa, ujamaa au biashara inayowafunga kwa wamiliki au kwa menejimenti. Kamati ndiyo inayotakiwa kuidhinisha mpango wa ukaguzi na bajeti yake, kumteua na kumwondoa mkuu wa ukaguzi wa ndani, na kukutana naye faragha bila mkurugenzi mkuu kuwapo chumbani.

Umuhimu wa sharti hilo la mwisho unaonekana wazi katika mfano kutoka mbali, nchini Australia. Machi 2001 kampuni ya HIH, iliyokuwa miongoni mwa kampuni kubwa za bima nchini humo, ilianguka. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji Neville Owen, iliyotoa ripoti yake mwaka 2003, ilikadiria pengo la kati ya dola za Australia bilioni 3.6 na bilioni 5.3, na ikasema sababu kuu ilikuwa kutotengwa akiba ya kutosha kwa ajili ya madai.

HIH ilikuwa na kamati ya ukaguzi. Tena kamati hiyo ilikuwa na watu wanaojua hesabu. Lakini mwenyekiti wake ndiye aliyekuwa pia mwenyekiti wa bodi, na alikuwa mmoja wa wakurugenzi watatu waliowahi kuwa washirika wa Andersen, kampuni ileile iliyokagua vitabu vya HIH. Watendaji wakuu walikuwa wakihudhuria vikao vya kamati kwa mwaliko. Kamati iliyotakiwa kuwa sikio la siri ikawa kikao kingine cha kawaida, mbele ya wale wale ambao kazi yao ilipaswa kuhojiwa.

Mazingira ya Afrika Mashariki yana sura yake. Baadhi ya kampuni za bima zinamilikiwa na familia au na kikundi kidogo cha wafanyabiashara. Mkurugenzi anayeitwa huru anaweza kuwa rafiki wa mwanzilishi tangu shuleni, au wakili wa familia, au mstaafu mwenye jina kubwa anayehitaji posho ya vikao. Mkaguzi wa ndani naye mara nyingi ni mhasibu kijana anayepandishwa cheo na mkurugenzi wa fedha, yaani mtu yuleyule anayemkagua. Katika hali hiyo barua ya uteuzi inaweza kusema anawajibika kwa bodi. Mshahara wake unasema vinginevyo.

Ndiyo maana kuhesabu vikao hakutoshi. Ripoti ya mwaka itaeleza kwamba kamati ilikutana mara nne na mahudhurio yalikuwa asilimia mia. Maswali yenye uzito ni mengine. Je, mkuu wa ukaguzi anaweza kufukuzwa bila kura ya kamati? Ni hoja ngapi za ukaguzi zimebaki bila kufanyiwa kazi kwa zaidi ya mwaka mmoja? Mara ya mwisho kamati kukataa makadirio ya akiba yaliyoletwa na menejimenti ilikuwa lini? Mkaguzi aliyetangulia aliondoka kwa sababu gani? Kamati isiyoweza kuyajibu haya ina jina tu.

Hoja za upande wa pili

Ni haki kusikiliza wale wanaosema kwamba lawama hizi zinazidishwa. Wenye kampuni za bima ya matatu wanalalamikia mambo yaliyo nje ya uwezo wa mkaguzi yeyote. Soko la Kenya lina kampuni zaidi ya 50 zinazogombania wateja, ilhali ada zote za bima hazifikii asilimia 3 ya pato la taifa. Ushindani huo umesukuma bei chini ya gharama. Yapo pia madai ya udanganyifu: ajali za kupangwa, abiria ambao hawakuwamo katika gari, ripoti za daktari zilizokuzwa. Mkaguzi wa ndani hapangi bei wala haketi mahakamani.

Hoja hiyo ina ukweli, lakini inaishia katikati ya njia. Ikiwa bei haitoshi kulipa madai, ni lazima mtu aiambie bodi hivyo kwa maandishi na kwa takwimu, kabla mauzo ya mwaka mwingine hayajaongeza shimo. Ikiwa madai yamejaa udanganyifu, majalada ndiyo yatakayoonyesha ni daktari gani, wakili gani na afisa gani wa madai wanaojirudia. Na iwapo bodi imeambiwa na bado ikachagua kuendelea, basi angalau kuna kumbukumbu inayoonyesha nani alijua nini na lini.

Hoja ya pili inahusu gharama. Kampuni ndogo husema haiwezi kumudu idara kamili ya ukaguzi. Kanuni za nchi nyingi huruhusu kazi hiyo kupewa kampuni ya nje, na si jambo baya. Hatari ni pale ambapo mkataba wa mkaguzi huyo wa nje unatiwa saini na menejimenti na kuhuishwa na menejimenti kila mwaka. Atakayetaka kurudi mwakani atajifunza haraka majalada yapi hayapendezi kufunguliwa.

Upande huu wa mpaka

Kwa msikilizaji na msomaji wa Tanzania, haya si mambo ya jirani peke yake. Mabasi na malori huvuka Namanga, Holili na Sirari kila siku yakiwa na bima iliyokatwa upande wa pili. Tanzania, ingawa si mwanachama wa COMESA, inashiriki katika mpango wa Kadi ya Njano, ambao chini yake ajali ya gari la kigeni hushughulikiwa na ofisi ya nchi ilikotokea, kisha fedha hudaiwa kwa kampuni iliyotoa kadi. Mlolongo huo una nguvu kadiri kampuni hiyo ilivyo na uwezo wa kulipa.

Aidha, makundi ya bima yenye makao yake Nairobi yana kampuni tanzu Dar es Salaam, Kampala na Kigali. Mara nyingi ofisi ya ukaguzi ya kundi huhudumia nchi zote. Mpango huo unaweza kuleta ujuzi ambao kampuni tanzu isingeupata peke yake. Unaweza pia kumfanya mkaguzi aje mara moja kwa mwaka kama mgeni, na ripoti yake iende Nairobi bila kujadiliwa kwa kina na bodi ya Dar es Salaam. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, TIRA, inayofanya kazi chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009, ina kila sababu ya kuuliza ripoti hizo zinasomwa na nani.

Hapa wasimamizi wa pande zote mbili wana hatua zisizohitaji sheria mpya. Wanaweza kukutana na wakaguzi wa ndani moja kwa moja, bila menejimenti. Wanaweza kutaka kuarifiwa mara mkuu wa ukaguzi anapoondolewa, pamoja na sababu. Wanaweza kusoma mihtasari ya vikao vya kamati na kutafuta ndani yake jambo dogo lenye maana kubwa: swali lililoulizwa na mkurugenzi, na jibu alilopewa.

Uzoefu wa Kenya unaonyesha kwamba kuifuta kampuni sokoni ni rahisi kuliko kumlipa aliyeumia. Invesco iliwahi kuokolewa na kurudishwa barabarani, na miaka 16 baada ya kuanguka mara ya kwanza ikaanguka tena. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika bima, gharama za ukuta huo hazilipwi na waliouona ufa wakanyamaza. Hulipwa na abiria mwenye hukumu isiyotekelezwa, na na mwenye matatu anayesubiri gari lake lipigwe mnada kwa deni ambalo alikwishalipia ada.